Siku za Moshi Katika Baa Yangu

Jumatatu, 4 Machi 2024
Sylivia, mpishi wangu, amevua aproni akaitupa juu ya kaunta. Ana mimba kubwa. Anasema mtoto wake hatazaliwa akikohoa. Ama wavutaji sigara, ama yeye! Na bila Sylivia nyama ya baa hii ni makaa tu — najijua.

Asanasio, yule mnunuzi wa kahawa kutoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka, Kongo, akagonga meza. "Madame, baa iko yako. Sheria ya ndani weka wewe, si serikali!" Wateja wote wakapiga makofi. Hata Sylivia, kwa makosa.

Basi nimeweka. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi: moshi ruksa, Sylivia anapumzika. Siku nyingine: hewa safi. Nimelala mchana kidogo, nikajiona mbunge.

Jumanne, 5 Machi
Moshi. Baa imejaa! Nyama nimechoma mwenyewe. Wamekula kwa huzuni kama watu wa matanga. Hakuna aliyelalamikia moshi wa sigara. Wamelalamikia wangu.

Jumatano, 6 Machi
Hewa safi. Hakuna mtu. Mteja wangu Baker peke yake — havuti, na ndiye aliyenililia zaidi ya wote nikataze sigara. Nikamwekea meza ya katikati, kama bwana harusi.

Saa kumi ikaingia kwaya nzima kutoka Karambi, mwalimu wao Yafesi mbele. Kanisa lao linavuja, na wamesikia hapa Bwera kuna baa ambayo mtu anaweza kuvuta pumzi. Soda moja, watu wawili. Wameimba mpaka chupa za bia zikatetemeka kwenye rafu. Wimbo wa tatu ulihusu walevi. Baker akainuka, akasema kuanzia kesho atakuja siku za moshi.

Alhamisi, 7 Machi
Moshi. Baker amekohoa mpaka machozi. Anasema hajawahi kufurahi hivi.

Ijumaa, 8 Machi
Sikukuu ya Wanawake. Hewa safi. Kwaya imerudi kunipongeza, eti mimi ni mama wa mfano. Sylivia ameimba nao, mkono kwenye tumbo. Nikaona raha kweli. Kwa muda.

Asanasio alikataa kukaa nyumbani. Amesimama nje dirishani, amepenyeza kichwa kati ya nondo anywe bia na sisi, sigara ameishika huko nje. "Kichwa iko ndani, moshi iko inje. Sijakosea mutu!" Akitaka kuvuta, anachomoa kichwa. Akitaka kunywa, anakirudisha. Mara ya tatu masikio yakakataa.

Amenasa!

Na hapo ndipo afande Aryemo wa polisi alipoingia kutafuta nyama. Ametazama kichwa. Ametoka nje kutazama mkono. Amerudi kwa kichwa.

"Wewe! Zima hiyo!"

"Afande, sioni mukono yangu. Nitajichoma."

"Unavuta kwenye baa!"

"Mutu anavuta na kinywa. Kinywa iko ndani, na haina sigara. Muulize kwaya."

Yafesi akakubali kwamba ni kweli, kinywa hakina kitu. Akauliza kama waendelee. Wakaanza ubeti wa pili.

Sylivia anampaka Asanasio mafuta masikioni, anakohoa, anapaka. Moshi unaingia pembeni mwa shingo yake. Aryemo anasema sheria ya serikali haina Jumanne wala Alhamisi. Kuvuta ndani ya baa ni marufuku, nje karibu na mlango ni marufuku, na mwenye baa anashtakiwa pamoja na mvutaji. Akauliza nani alitoa ruhusa ya siku za moshi.

"Madame!" kichwa kikaita, kwa fahari kabisa. "Sheria yote iko yake!"

Wote wamenigeukia. Sylivia pia, mikono inameta.

Nimeinama chini ya kaunta, eti natafuta mafuta zaidi. Naandika hapahapa. Mafuta yako mbele yangu, chupa nzima. Afande anaita mara ya pili, anataka jina langu kamili —