Theluji Juu ya Taa za Zayd

Midelt, Jumatano

Kaka Lahsen,

“Taa za Haddou zilizimika zenyewe mlimani. Fundi huyo ni muuaji aliyekosa maiti tu.” Ndivyo ulivyoniandikia, hata salamu hukutanguliza. Mimi nakusalimu kwanza. Assalaam alaykum. Natumaini baridi ya Azrou haijakurudishia kikohozi, na mama anakula vizuri. Huku sisi wazima, ila tangu barua yako ifike sikai wala silali. Nazunguka chumbani nikibishana nawe kwa sauti, mpaka mke wangu ananiuliza naongea na nani.

Jibu langu ni hili: taa hazikuzimika.

Siku ile ya ajali nilikuwa naendesha nyuma ya Zayd, mwendo wa robo saa hivi. Ilikuwa alasiri, lakini wingu lilikuwa limekalia barabara ya mlima wa Zad na theluji ilianguka kwa mshazari. Niliikuta teksi yake imelala mtaroni, abiria wanamtoa mwenzao Bi Itto aliyevunjika nyonga, na Zayd anapiga kelele kwamba Haddou amemuuzia giza. Taa moja ilikuwa imepasuka. Ya pili ilifunikwa na ganda la theluji nene kama kiganja. Nikalikwangua kwa kucha, mwanga ukanipiga machoni hadi nikarudi nyuma. Ilikuwa inawaka, kaka! Ilikuwa imezibwa tu.

Umeendesha miaka thelathini kabla ya kuwa mkuu wetu wa madereva, unaijua desturi yetu. Theluji ikizidi tunasimama kwenye mkahawa wa kileleni, tunaacha taa zinawaka, tunakunywa supu ya harira. Tukitoka, vioo vimeshajisafisha. Ndiyo, kwa sababu balbu za zamani zilikuwa majiko madogo. Hizi za LED alizotufungia Haddou hutoa joto lake kwa nyuma, kioo cha mbele kinabaki baridi. Zayd alikunywa bakuli mbili, akapanda gari, akaondoka bila kutazama mbele ya gari lake. Kwa mazoea yetu, hata wewe ungeondoka vivyo hivyo.

Najua mtakavyosema stendini: “Bassou kasoma vitabu mpaka vimemvuruga.” Na Zayd ataongeza kwamba fundi mwaminifu angetuonya. Hoja hiyo ndiyo inayonizungusha chumbani, kwa sababu ni ya haki, na jibu lake tunalijua watu wawili tu.

Haddou alituonya. Kabla ya theluji ya kwanza alinijia mimi. Unamjua, mbele ya watu watatu ulimi unamganda. Akaniomba: “Bwana Bassou, wewe ndiye mwenye mdomo. Waambie wenzako hizi haziyeyushi kitu. Kila wakisimama wafute kwa mkono.” Nikamwahidi. Jioni ile mkahawani nilikuwa nimepamba moto, nawathibitishia wazee kwamba taa mpya zinazishinda za zamani kwa kila kitu, na nikaona onyo lile litanivunjia hoja. Basi nikaligeuza mzaha: “Haddou anataka tuzifute taa kamasi kama watoto!” Zayd alicheka kuliko wote. Neno theluji sikulitaja.

Jana nilikuja Azrou na abiria, nikamkuta Haddou kibandani kwake stendini anafungasha koleo zake. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja mbele yenu mlipomlaumu. Akasema, “Nimtaje ndugu wa mkuu wa madereva, halafu nani aniamini? Afadhali nipoteze kibanda kuliko kibanda na jina.” Kisha nikapita mlangoni kwako, kaka, na sikugonga. Niliwasha gari nikarudi Midelt. Ndiyo maana naandika.

Mbusu mama kichwani kwa niaba yangu, na shemeji umwambie yale matufaa yamefika salama. Kwa Bi Itto hospitalini nitakwenda mwenyewe, nikamweleze.

Ijumaa mnakutana kumwondoa Haddou stendini. Kabla hamjanyoosha mikono, isome barua hii kwa sauti, yote, na usiruke mahali ninapojiaibisha. Nanyi madereva mliocheka pamoja nami, na wewe Zayd wa kwanza: mwacheni fundi mahali pake, na kama ni lazima mtu atolewe, nitoeni mimi kwenye zamu.

Mdogo wako,
Bassou