Chungu cha Baseme

Butembo, Furu, tarehe 14 mwezi wa tisa

Kwa ndugu yangu mkubwa, Yaya Paulin, huko Oicha,

Amani ya Bwana iingie nyumbani mwako kabla ya barua hii, imkute shemeji Elsa na watoto wakiwa wazima. Sisi huku tunaamka, tunafanya kazi, tunalala, na kwa siku hizi hiyo peke yake ni ya kushukuru. Baridi ya Furu haijatuhurumia. Shemeji yako Siméon anakusalimia, pikipiki yake imetengenezwa tena. Watoto wamerudi masomoni, na yule wa mwisho ameng'oka jino la mbele, akisali anapiga mluzi na wenzake wanashindwa kufumba macho. Mguu wako je, ule uliojikata na panga msimu wa kakao? Umepona kweli, ao bado unachechemea ukidhani watu hawakuoni?

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Phinées alipokuja kushusha kakao yake hapa mjini. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa kwa sababu ya mwandiko wako, maana bado unaandika kama kuku aliyepita juu ya karatasi. Mara mbili zilizofuata zilikuwa kwa sababu ya mambo uliyoandika. Unasema mtoto wa Baseme, yule mbwa mdogo ambaye Baba alikutumia ndani ya kikapu, sasa amefika magotini mwako, na kwamba majirani wanakuomba uende naye kuwinda nguruwe wa porini wanaomaliza mihogo yao. Unaniuliza Baba alikuwa anawalisha mbwa wake nini. Unasema pia kwamba ulimuuliza mwenyewe kwa telefone, mwezi mmoja kabla hajatuacha, akakataa kukujibu, na kwamba neno lile linakuuma mpaka leo. Nitajibu yote mawili, Yaya. La pili ni zito, kwa hiyo unipe ruhusa nianze na la kwanza.

Mbwa wa kazi anakula jioni. Asubuhi ya kuwinda Baba alikuwa anampa tonge moja tu la bugali, amelichovya katika mawese, la kumwambia kwamba hajasahauliwa. Ukimshibisha halafu ukamkimbiza, tumbo litajigeuza ndani yake na utambeba begani kumrudisha. Akitoka mbioni usimpe kitu papo hapo. Ngoja ulimi urudi kinywani, umpe maji kidogo kidogo, ndipo chakula. Bugali iwe laini, imelowana katika supu ya vile visamaki vya sambaza, vilivyotwangwa pamoja na vichwa vyake, na mawese kijiko kizima, kwa sababu Baba alisema bugali inajaza tumbo lakini mafuta na nyama ndivyo vinavyokimbia. Makayabo, wale samaki wa chumvi, usimpe hata ukiyaloweka siku mbili, chumvi yake haiishi. Mifupa ya kuku iliyopikwa itupe mbali. Umpime kwa mkono: ukimpapasa uzisikie mbavu, lakini mtu aliyesimama barabarani asiweze kuzihesabu.

Na mukiua mnyama, kabla watu hawajagawana, ukate kipande cha moyo na kipande cha pafu, umpe mbwa kwa mkono wako mwenyewe, wenzako wote wakiona. Hilo usiliache. Unakumbuka kule kwetu, upande wa Manguredjipa, walivyomcheka Baba kwamba anatupa nyama kwa mbwa na batoto banaangalia tu. Yeye akajibu, wacha baseme, waseme wapendavyo, na mbwa akapata jina.

Sasa nije kwa Baba mwenyewe. Wewe ulimwona siku mbili alipofika kwangu baada ya vita kuwatoa kijijini, ukarudi Oicha. Hukuona miezi iliyofuata. Alikuja na godoro, Biblia, na Baseme na kengele yake ya mti shingoni, imejazwa majani makavu ili isilie kati ya watu. Kila asubuhi alipanda naye vilima, ili miguu yake isisahau kazi. Alikuwa anasema watarudi porini wote wawili, na alisema hivyo kama mtu anayesema ataenda sokoni.

Shida ilikuwa chakula. Mjini hakuna moyo wala pafu la mnyama aliyeuawa na mbwa mwenyewe. Tulikuwa tunapata sambaza mara mbili kwa juma, na hizo zilikuwa za watu. Wajua Baba alikuwa hapendi mtu mwingine aguse chungu cha mbwa. Alipika mwenyewe, kwenye mafiga matatu nyuma ya nyumba. Nilikuwa nampakulia sahani yake, anasema asante, anatoka nayo nje eti kuna moshi ndani. Siku moja nikamfuata nikakuta anachagua samaki wake wote, mmoja mmoja, anawatia katika kile chungu. Yeye alikula bugali na mboga tu. Alikuwa anafanya hivyo tangu alipofika. Nikaelewa kwa nini suruali yake alikuwa anaifunga kwa kamba.

Nikagomba, unanijua. Nilimwambia sikumpokea ili afe njaa kwangu kwa ajili ya mbwa. Akaniambia kwa upole kwamba mtu anayekaa anaweza kula kidogo, ila anayekimbia hawezi.

Wakati ule ndipo ulipotuma ile kakao yako, kilo mbili za mbegu zilizokauka vizuri, na neno kwamba nizikaange, nizitwange, nimpikie Baba pamoja na sukari, kwa sababu inatia nguvu wazee. Yaya, ilimtia nguvu kweli. Baada ya juma moja alikuwa anapanda kilima bila kupumzika. Aliwaambia watu wote wa kanisa kwamba mwana wake wa Oicha ametuma dawa.

Halafu mwezi wa pili, Mzee Zorobabel, yule rafiki yake wa Kasugho, akamtumia habari kwamba kwao kumetulia, nguruwe wanaharibu mashamba, na wawindaji wanamngoja yeye na Baseme. Walimpa siku sita za kujiandaa. Laiti ungemwona. Alinyoa ndevu, akashona upya ule mfuko wake wa ngozi. Lakini Baseme alikuwa bado mwembamba, mbavu zake ungezihesabu kutoka barabarani, na Baba alikuwa anamwangalia kama mtu anayeangalia nguo moja tu aliyonayo ya kwenda arusi. Siku ya tano akaenda machinjioni, akarudi na pafu la ng'ombe. Kumbuka maisha yake yote Baba hakumpa mbwa nyama ya mnyama ambaye hakumwona akifa. Siku ile akavunja kanuni yake, akalikata lile pafu, akalipika, akampa.

Asubuhi ya safari tulikuta Baseme anahema na kutetemeka. Alikuwa ametapika. Hakukaa chini hata kidogo, alizunguka ua, akanywa maji, akazunguka tena, na ukiweka mkono kifuani moyo wake ulikuwa unapiga kama ngoma ya mtu aliyelewa. Baba alimkumbatia. Mchana miguu ikakakamaa, akafa mikononi mwake, na ile kengele imekwisha kujazwa majani mapya kwa ajili ya njia ya Kasugho.

Hilo la pafu ndilo ulilosikia, na ndilo Baba alilowaambia wote. Aliwaambia majirani, akamwambia pasta, akawaambia hata wateja wangu waliokuja kununua unga. Alisema alimuua mbwa wake kwa mkono wake, kwa sababu alikuwa na haraka ya kuwa tena mwindaji. Zorobabel alipotuma mtu kumwambia aende hata bila mbwa, alijibu kwamba mkono wake umeharibika. Tangu siku ile hakupanda kilima tena.

Ndiyo maana, Yaya, ulipopiga telefone kuuliza chakula cha mbwa mdogo, alinirudishia telefone akasema uulize wenye mikono mizuri. Ulisikia, nami nikajua umesikia. Ulifikiri amekukasirikia kwa kuwa hukuja Noeli. Hapana. Hakukukasirikia hata siku moja. Alikuwa anaogopa kwamba neno lake lingeua na huyo mwingine. Nilikuwa nimesimama pale na sikukwambia. Na tulipomzika, ulipopiga magoti ukamwomba radhi mbele ya watu, mimi nilikuwa nyuma yako na mwiko mkononi, natoka kuwapakulia wageni, na bado sikusema kitu.

Sasa usome pole pole, kwa sababu hapa ndipo nilipokuwa naogopa kufika.

Si pafu lililomuua Baseme. Ni mimi.

Niliona kakao inavyomsimamisha Baba, nikawaza kwamba kinachotia nguvu bwana kitatia nguvu mbwa, na Baba ataacha kumpa samaki wake. Siku ya nne, wakati Baba ameenda kusali na chungu kiko juu ya mafiga, nilitwanga konzi moja ya ile kakao nikaichanganya humo na mawese mengi ili rangi isionekane. Kesho yake Baseme aliruka uani kama mtoto, na Baba akafurahi akasema Baseme amerudi. Mimi nikajisifu moyoni. Jioni ile, wakati pafu linaiva na Baba yuko kwa jirani akiomba chumvi yetu, nikatia konzi tatu.

Sikujua, Yaya. Baada ya mwezi mmoja Onésime, vétérinaire, alipita mtaani kuchanja mbwa, akauliza wetu yuko wapi. Nilimsimulia kule kutetemeka na ule moyo. Akasema pafu halifanyi hivyo, akauliza alikula nini kingine. Nilipotaja kakao akaweka sindano chini. Alisema maneno haya, sijayasahau: "Dada, kakao kwa mbwa ni sumu. Banaipanda huku kila mahali na hapana mutu anawaambia."

Baba alikuwa bado hai. Aliishi tena miezi mitatu na siku kumi na moja. Kila siku kati ya hizo nilikuwa na nafasi. Mara moja nilimpelekea uji, nikakaa kitandani pake, nikafungua kinywa. Yeye akanitangulia, akauliza kama kakao ya Paulin imebaki, kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho bado kina ladha kinywani mwake. Nikaona nikisema, nitamnyang'anya na hicho pia. Nikaenda kumpikia. Hayo ndiyo niliyojiambia. Ukweli mwingine ni kwamba niliogopa macho yake.

Waganga wa hospitali walisema ni tension, damu kupanda, na uzee, nami siandiki kwamba mbwa ndiye aliyemuua. Naandika kwamba alikwenda amebeba mzigo wangu, na nilimwangalia akiubeba, na nilikuwa nampa kikombe. Wewe pia umebeba sehemu yake miezi hii yote. Uuache sasa. Kakao yako ilimfurahisha mpaka siku ya mwisho, na asikudanganye mtu, hata moyo wako mwenyewe. Kosa halikuwa katika kutuma.

Kwa hiyo nakuomba, kabla hujanikasirikia, utoke nje kwanza uangalie. Umeandika kwamba unaanika kakao juu ya turubai mbele ya mlango, na kwamba mbwa analala hapo hapo kwa sababu ya joto. Umfunge mbali nayo. Na maganda, na ile unayotwangia wageni, vyote viwe juu asipofika. Ukishamaliza, unikasirikie kadiri unavyotaka. Ukitaka kuja kunigombeza hapa Furu, mlango ni ule ule. Jumapili nitasimama kanisani nimsafishe Baba mbele ya wale aliowaambia, na Siméon nilimwambia yote jana. Alichukua ndoo akaenda kuchota maji, kazi ambayo haijawahi kuwa yake.

Unisalimie Elsa, mwambie ile mbegu ya maharagwe aliyoiomba nimeifunga katika kitambaa cha bluu. Watoto uwabusu wote. Mzee Zorobabel anakusalimia pia, anauliza kama mtoto wa Baseme ana mbio za baba yake.

Phinées atakupa na kifurushi. Ndani yake ni ile kengele. Yale majani ni Baba aliyeyatia asubuhi ile ya safari, kwa vidole vyake, na hakuna aliyeyagusa tangu hapo, hata mimi nikifuta vumbi. Usiyatoe ukiwa bado nyumbani. Umvalishe mbwa shingoni, umpe tonge lake la asubuhi, muende mpaka porini. Mukifika, ndipo uyatoe ili ilie. Na wenzako wakiuliza nani alikufundisha kulisha mbwa, ujibu ni Baba, na kwamba mkono wake haukukosea hata siku moja.

Ni mimi mdogo wako,

Rébecca