Nawafundisha Watoto wa Shituru Kuanguka

Likasi, Jumapili jioni

Kwako Yaya Faustin, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako wa kike. Huku sote ni wazima, ila baridi ya asubuhi inatusumbua, na duka la dawa ninakofanya kazi limejaa watu wenye mafua. Wewe sikuulizi hali, Mama ameshaniambia. Tangu karakana yako iungue hutoki nje, chakula unaletewa chumbani, wageni wanaambiwa umelala. Simu zangu hupokei. Basi nimeshika kalamu, kwa kuwa barua haina kitufe cha kukata.

Nikupe habari zangu. Kila Jumamosi nafundisha judo watoto wa hapa mtaani Shituru, katika ukumbi wa parokia. Mikeka yenyewe ya judo hatuna, tumeshona magunia tukayajaza maranda ya seremala. Somo la kwanza ni kuanguka: kidevu kifuani, mkono upige chini, usijizuie kwa kiganja. Watoto hawakutaka kabisa! Wamekulia kwenye filamu za ngumi kama sisi, na kila mmoja alikuja ili awe akteri, yule shujaa asiyekufa. Nikiwapanga wawili wawili, hakuna anayekubali kuangushwa. Wanabaki wameshikana kola, wanatazamana kama majogoo.

Wazazi nao wakaanza. Baba Jolie, anayefanya kazi kiwandani, alinijia amekunja uso.

"Mamu mwalimu, minye nilileta mutoto ajue kupiga. Weye unamufundisha kuanguka? Ile anaijua tangu aanze kutembea!"

Jumamosi iliyofuata ukumbi ulikuwa nusu. Niliona wazi kwamba darasa langu linaondoka.

Hapo ndipo nilipokukumbuka. Si unakijua kile kibanda cha video nyuma ya soko la kwetu? Tukitoka pale, wewe unajifunga shuka la Mama kiunoni, umekuwa akteri. Kila siku wewe! Mimi, kwa udogo wangu, nilikuwa shefu bandi, mkubwa wa majambazi, wa kupigwa na kufa. Nikalia, nikakushtaki kwa Mama, ukanidanganya kwamba shefu bandi ndiye mwenye kifo kizuri. Mwongo mkubwa wewe. Lakini nilikuamini, nikakitengeneza kifo changu: nayumba, nazunguka, nashika moyo, natoa wosia, ndipo naanguka chali kwenye mchanga na majirani wanapiga makofi.

Basi nikamwita Jolie mwenyewe, nikamwambia aniangushe. Nikafa, Yaya. Mama mzima wa watoto wawili, nikafa kama zamani, na wosia juu. Watoto walivunjika mbavu. Kisha wakajipanga mstari, kila mmoja anataka zamu yake ya kufa. Niliwawekea sheria moja tu, kwamba aliyekufa anaamka mwenyewe, na hakuna wa kumcheka anapoamka.

Juzi Baba Jolie akarudi.

"Mamu, mutoto iko anakufa fasi yote mu nyumba! Anakufa mu cuisine karibu na masufuria, anakufa ku mulango. Jana alikufa mbele ya bageni."

"Sasa nimukataze?"

"Hapana, muache. Zamani akianguka kidogo, kilio mpaka kwa bajirani. Sasa anaamuka, anapanguza vumbi, anaendelea."

Yaya, niseme bila kuzunguka. Wewe ulikuwa akteri wetu. Masomo ulitangulia, karakana ulifungua ukiwa kijana, na pale nyumbani hakuna aliyewahi kukuangusha. Mimi nilianguka kila jioni, na uliyeniangusha ni wewe, ndiyo maana leo kazi hii naijua. Wewe hukupata wa kukufundisha. Naogopa, kaka yangu. Naogopa utazeeka mle chumbani kwa aibu ambayo hakuna anayekudai. Mama anasema wateja wako bado wanapita kuuliza utafungua lini.

Nisalimie Mama, mwambie dawa yake ya mgongo nimeiweka pamoja na barua hii. Nisalimie shangazi yetu muuza mihogo, na wifi yangu anayekubebea sahani, mpe pole yangu. Shemeji yako anakusalimu sana, na wapwa zako wanauliza mjomba anafananaje.

Ni mimi mdogo wako, niliyekufa mikononi mwako mara nyingi na bado nakupenda,

Clarisse

Neno moja zaidi. Aliyeleta barua hii ni dereva wa lori. Ndani ya lori kuna kisanduku cha spana, kipya, chako. Nimemkataza asimpe Mama wala wifi. Atakukabidhi wewe mwenyewe, barabarani, na amekubali kusubiri. Yuko nje sasa hivi. Toka, Yaya, jua ni kali.