Valentin Amejikuta Kwenye Daftari Langu

Likasi, Jumamosi. Mvua tangu asubuhi.

Umeme umekatika tena, lakini bado ni mchana na nimesogeza kiti dirishani. Mama anasinzia chumba cha pili. Paa linavuja palepale pa siku zote, nimeweka sufuria.

Leo nina furaha, na ni furaha mbaya. Ni ile ya kumwona adui yako akiteleza kwenye matope mbele ya watu waliovaa vizuri. Padri akiniuliza, nitamwambia nimefurahi. Kwamba ninatubu, hilo sitasema.

Acha nianze mahali pake.

Jirani yetu Tantine Scola, fundi wa kushona, ana katoni ya vitabu vya mapenzi. Aliachiwa na mke wa injinia mmoja Mbelgiji, aliyeondoka mbiombio mwaka ule wa uporaji wa askari. Ni vitabu vyembamba vya Kifaransa, na juu ya kila kimoja kuna mwanamke anaangukia kifua cha mwanaume. Nimevisoma vyote, vingine mara mbili, kwa sababu kazi hakuna na mchana ni mrefu.

Nilikuwa namtafuta mtu ndani yake. Mwanamke mmoja tu ambaye ningemwekea kidole na kusema: huyu ni minye, ni mimi mwenyewe.

Sikumpata. Mmoja anahudumia abiria kwenye ndege, mwingine amerithi hoteli. Wanateseka, sikatai, lakini wanateseka wakiwa wameshiba. Moyo ukivunjika wanajaza bafu maji ya moto na kulia humo. Hakuna hata mmoja aliyepanga foleni ya maji na ndoo kichwani, akageuka, na kumkuta nyuma yake mama wa mwanaume aliyemwacha.

Na wale wanaume! Anaondoka ukurasa wa mia moja, halafu karibu na mwisho anarudi na tunaambiwa kulikuwa na kutoelewana. Barua ilipotea. Binamu alisema uongo. Mwanamke anasamehe kabla mwanaume hajakaa chini.

Kwangu hakukuwa na kutoelewana. Valentin alielewa vizuri sana.

Alikuwa mchumba wangu miaka mitatu. Ni karani kwenye ofisi za kiwanda. Wazazi wake walikuwa wamekuja nyumbani, zawadi za kwanza zimeletwa, Mama ameanza kuwaza vitambaa. Papa alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika kiwanda hichohicho, na alikuwa mtu wa Kasai. Alitoka huko ana miaka tisa. Mama ni wa hapa, ukoo wake ni wa upande wa Kapolowe. Kwa hiyo minye ni mtoto wa huku na huku, na nilikuwa sijawahi kuliona hilo kuwa tatizo, mpaka vijana walipoanza kupita mitaani wakiimba kwamba wote wenye asili ya Kasai warudi kwao.

Papa alifunga mizigo bila kusema neno. Tulikaa naye kituo cha treni wiki tatu, tukiwa maelfu ya watu chini ya mashuka na maturubai, tukingoja treni ambayo haikuja. Iliamuliwa Papa atangulie na kaka yangu, minye nibaki na Mama kwa wajomba, hapa Likasi, mpaka watuite. Kila siku nilikwenda kwa wajomba na kurudi na bukari, ugali wetu, na maji. Mguu wa Papa ulikuwa umevimba, hakuweza kutembea peke yake.

Valentin hakuja. Wiki tatu, na nyumbani kwao mpaka kituoni ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja.

Treni ilipokuja ilikuwa ni kusukumana. Nilikuwa nimemshika Papa upande mmoja, kaka upande wa pili, na macho yangu yalikuwa kwenye umati. Nilijua atakuja. Nilijua kama mjinga anavyojua.

Papa alifia njiani. Kaka aliandika kwamba walimzika kando ya reli, kwenye kituo ambacho hakukijua jina, kwa sababu kibao kilikuwa kimeng'olewa.

Miezi miwili baadaye Valentin alihamia katika nyumba ya Papa, tuliyoiacha tupu, bila kuinunua, yeye na mama yake. Mwaka uliofuata akaoa. Kwenye katoni ya Tantine Scola sijaona mwanaume anayemlaza bibi mpya katika chumba ulimozaliwa.

Basi nikaandika kitabu changu mwenyewe.

Nilinunua daftari la shule na kuanza. Mwanamke nilimwita Marceline. Nikampa mikono yangu iliyopasuka na njaa yangu. Mwanaume nikamwita Florentin, ili mtu asiseme nimetaja jina la mtu. Lakini nikampa kila kitu cha Valentin. Jinsi anavyosugua kiatu nyuma ya mguu wa suruali kabla ya kuingia nyumba ya watu. Jinsi anavyojibu "tutaona" kwa kila anachoulizwa, hata kama ameulizwa anataka chumvi. Na yule bibi aliyekuja baadaye sikumpa jina. Nilimwita "mwizi wa kitanda", nikampa kinywa kikubwa na kicheko cha kuku.

Tantine Scola alisoma kwa sauti huku wanawake wanashona. Siku ya kwanza sindano zilisimama. Mama mmoja alijifuta macho kwa kitambaa cha mteja na kusema, "Huyu Marceline ni minye kabisa." Mwingine akasema hapana, ni yeye. Hata dada mmoja ambaye bwana yake hajawahi kulala nje alisema ni yeye. Nilikuwa nimekaa kwenye kona nikikata nyuzi. Sijawahi kusikia kitu kitamu kama kile.

Kisha wakaanza kunakili. Daftari likawa madaftari matano, sijui sasa ni mangapi. Yalifika sokoni, yakafika kwa wauguzi wa wodi ya wazazi, yakafika kwenye ofisi za kiwanda, ambako makarani wanakaa siku nzima bila kazi ya kufanya. Nimesikia kwamba asubuhi moja Valentin aliingia ofisini, mtu akamsalimia "Tutaona!", na ofisi nzima ikaanguka kwa kicheko.

Jumatano alikuja hapa.

Nilimwona kupitia dirisha hili. Alifika mlangoni, akainua mguu wa kulia kuusugua nyuma ya suruali, akakumbuka, akaurudisha chini polepole kama aliyekanyaga msumari. Kwa hilo peke yake ningeandika madaftari kumi.

"Georgette," akasema, "bantu banaseka. Mu kazi, ku soko, fasi yote."

"Banaseka nani?" nikauliza, kana kwamba sijui anayechekwa.

"Weye unayua."

Alitaka nilichome. Nikamwambia naweza kuchoma langu, mengine ayatafute mwenyewe. Akakaa bila kukaribishwa. Amekonda. Akatazama mikono yake, akasema kwa sauti ya chini, "Basi andika hata neno moja, kama alirudia. Ule Florentin. Andika kama alitaka kuya kusaidia baba ya ule mwanamuke."

"Alitaka siku gani?"

Akasugua magoti kwa viganja.

"Niambie siku, Valentin. Nitaandika sasa hivi, kalamu iko hapa."

"Kulikuwa siku moja..." Akatazama mlango. Nikadhani atalia. Kisha akasimama na kuvuta koti lake. "Tutaona," akasema.

Alijisikia mwenyewe akilisema. Uso ulimgeuka, akatoka karibu akimbie. Nilicheka mpaka Mama akauliza kutoka ndani kama niko mzima.

Niko mzima. Siku tatu hizi nimekula vizuri, nimelala vizuri.

Halafu leo akaja bibi yake.

Alikuja katika mvua, gunia la plastiki kichwani. Nilikuwa nimemwona mara mbili tu, kwa mbali. Matusi niliyokuwa nimemwekea yalikuwa mengi na yamepangwa. Lakini alipofungua kinywa, kilikuwa kinywa kidogo, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba ilibidi niiname ili nimsikie juu ya mvua.

"Dada, minye ni Yvonne. Weye njo uliandika?"

"Ndiyo, ni minye."

Akanieleza akiwa amesimama. Alikuwa amekwenda kwa Tantine Scola kupunguza sketi, akakuta wanasoma. Akarudi wiki iliyofuata bila sketi, na nyingine tena. Alimpenda Marceline. Leo asubuhi walifika pale ninapoeleza mti wa avoka, yaani parachichi, wa uani kwetu, ambao Papa aliunganisha matawi, ukazaa matunda ya aina mbili, ya kijani na ya zambarau. Yvonne anaokota matunda hayo kila asubuhi.

"Aliniambia kama baba yako alimuuzishia nyumba," akasema. "Minye sikuyua."

"Sasa unayua."

"Nayua." Alivua gunia, akalikunja, akalikunja tena. "Wakati nilisikia Marceline, nilisema huyu ni minye. Juu mama yake Valentin ananiita tumbo ya bule, juu sijazaa, na yeye mwenyewe anasikia, ananyamaza. Nilisema, ule mwanamuke anayua maisha yangu. Kisha nikasikia ule muti. Njo nikayua minye siko Marceline. Minye ni ule mwingine. Wa kinywa kikubwa."

Nililisogeza daftari chini ya kiti.

"Dada, hata jina haukumupatia."

Wale walioandika vitabu vya katoni hawakunijua, nikawachukia kwa hilo. Na minye, mwanamke huyu nilikuwa simjui hata kidogo, na nilikuwa nimempa kicheko cha kuku na kuwafanya wanawake wa mtaa mzima wamcheke, yeye amekaa katikati yao.

Niliona aibu. Naiandika hapa kwa sababu ni kweli, ingawa haikuwa sehemu ya mpango wangu.

Nikamwambia akae. Nikawasha mkaa, nikaweka maji ya chai. Alikaa akitazama moto, na bila kuulizwa akasema, "Alikuwa pale."

"Nani? Wapi?"

"Valentin. Ku gare, siku treni iliondoka. Wakati wa Noeli alilewa, akalia, akaniambia. Alikuwa nyuma ya wagoni ya mizigo. Aliona unamutafuta. Aliona weye na kaka yako munamubeba muzee, muzee anaanguka, munamubeba tena, anaanguka tena. Hakutoka."

"Juu ya nini?"

"Aliogopa bantu batamuona pamoja na benye kuenda."

Maji yalichemka na hakuna aliyeyaondoa.

Kwa hiyo siku ile ilikuwepo. Jumatano alikuwa nayo kwenye ulimi, akashindwa kuitoa, kwa sababu ingekuwa mbaya kuliko kutokuja. Miaka miwili nimemchukia mtu ambaye hakuja. Kumbe alikuja. Alisimama pale akitazama, na Papa alianguka mara mbili.

Nilijaribu kumwonea huruma. Nasema kweli, nilijaribu. Nilijiambia kwamba wakati ule kila mtu aliogopa, kwamba waliowasaidia watu wetu walipigwa, kwamba mwoga naye ni binadamu. Kisha nikakumbuka uzito wa Papa mkononi mwangu, upande ule ambao ulihitaji mtu mmoja zaidi. Huruma ikaisha hapohapo.

Yvonne anarudi kwa wazazi wake Kapolowe Jumatatu. "Naenda na kitanda yangu," akasema. "Minye njo nilikileta ku ndoa." Akacheka kidogo. Anacheka akificha meno kwa mkono, kama mtoto aliyeiba sukari.

Nikamuuliza anataka nimwite nani katika daftari. Nilidhani atachagua jina zuri la Kifaransa kama wale wa katoni. Akafikiri, akanywa chai yake mpaka ikaisha.

"Yvonne," akasema. "Na uandike kama niliondoka mwenyewe. Hakunifukuza."

Nimemsindikiza mpaka barabarani. Niliporudi nilifuta kicheko cha kuku, nikafuta kinywa, nikafuta mwizi wa kitanda kila mahali alipo. Karatasi imetoboka sehemu mbili. Nimeandika jina lake, na jinsi alivyolikunja lile gunia.

Kisha nimeandika kituo cha treni.

Sikuongeza chumvi. Nimeandika mwanaume nyuma ya behewa, mikono mfukoni, na mzee anayeanguka, na idadi ya hatua kati yao, ambazo naweza kuzikisia kwa sababu najua behewa la mizigo lilisimama wapi siku ile. Hatua kumi, labda kumi na mbili. Nimelia kwenye hatua ya nne, nikapumzika, nikaendelea.

Je, nimekuwa mtu mbaya? Labda. Mama anasema kisasi ni mzigo wa anayekibeba. Lakini Mama hakuona, alikuwa mgonjwa nyumbani.

Kesho ni Jumapili. Baada ya misa wanawake watakusanyika kwa Tantine Scola, na mvua ikikoma watakaa nje, kando ya barabara, ile ambayo Valentin na mama yake wanapita wakitoka kanisani. Hakuna njia nyingine ya kufika kwao. Tantine Scola macho yake yamechoka, kwa hiyo ukurasa wa kituo cha treni nimeuandika kwa herufi kubwa, asikwame hata kwenye neno moja.