Projekta Mlangoni mwa Choo

Jumatatu, 6 Novemba

Torkel kapigwa tena. Mbio za magari za mtandaoni, na mtu tusiyemjua anayejiita Kabichi. Alivua vipokea sauti vya masikioni, akaviweka mezani polepole kama daktari anayejiandaa kutoa habari mbaya. Akasema kosa si lake, ni la televisheni. Eti picha inachelewa. Yeye anakata kona sasa, gari linakata baadaye — na wakati huo Kabichi ameshafika kwao anakula.

Nikamwambia, mume wangu, una miaka hamsini na moja. Labda kinachochelewa si televisheni.

Hakucheka. Kumbe keshaagiza projekta. Inatupa picha mia mbili na arobaini kwa sekunde, televisheni yetu ni sitini tu, na picha itajaa ukuta mzima. Tukiona haifai kwa gemu, duka linakubali irudi mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Kasema mwamuzi ni mimi, kwa sababu nacheza pia na sina jazba. Kwamba namshinda, hilo hakulitaja.

Mama hakupokea simu. Tangu wamnyang'anye leseni mwezi wa nane anapokea akijisikia. Macho yake yamekufa katikati, amebakiwa na pembeni. Mwanamke aliyeshindana kwa magari juu ya barafu enzi za ujana wake — leo anasubiri basi la kule kwake Vännäs. Gari lake liko nje ya nyumba, theluji juu. Hataki liuzwe. Hataki hata litajwe.

Jumatano, 8 Novemba

Imefika. Inavuma kama kikausha nywele.

Kwanza tuliiweka juu ya meza ya kupigia pasi. Picha ikakaa mshazari kama paa. Kuna kitufe cha kuinyoosha, Torkel akabonyeza, picha ikakaa sawa kabisa — na gari likaanza kuchelewa kuliko hata kwenye televisheni! Akasoma kitabu cha maelekezo huku miwani iko juu ya paji la uso. Kumbe ukiiambia mashine inyooshe picha, inabidi ifikirie kwanza kila picha kabla ya kuionyesha. Dawa ni kutoitumia hiyo nyoosha. Uiweke mashine yenyewe sawasawa, kimo chake, umbali wake.

Tukapima kwa futi nyumba nzima. Mahali panapofaa ni pamoja tu. Mlangoni mwa choo, juu ya stuli ndefu ya jikoni.

Kwa hiyo aliye ndani hatoki mpaka mbio ziishe, na aliye nje ajikaze. Nikauliza, sasa tutaishije? Torkel akajibu kwa utulivu kwamba mtu mzima anaweza kwenda kabla ya mbio. Huyu ndiye niliyeapa kuishi naye.

Alhamisi, 9 Novemba

Supu ya dengu za kijani na chapati za maziwa, kama Alhamisi zote. Halafu jaribio. Torkel abadilishe kasi ya picha bila kuniambia, mimi niseme ipi ni ipi.

Nilijibu kwa kujiamini sana. Nikasema hii laini kama siagi, hii inakwaruza. Alipomaliza akanitazama kwa huruma. Hakuwa amebadilisha kitu. Zote zilikuwa sitini.

Sasa anasema mwamuzi huenda hafai.

Jumamosi, 11 Novemba

Torkel ana hofu ya Juni. Ana hoja, nakubali. Hapa Umeå Novemba kiza kinaingia mapema, hata tochi ya simu ingetoa picha nzuri ukutani. Lakini Juni jua halikumbuki kwenda kulala. Je, tutaona kitu?

Basi akaleta taa mbili kubwa za kazini kwake, zile wanazowasha wakichimba mabomba, akazielekeza ukutani. Akatengeneza Juni sebuleni. Picha ikapauka, barabara ikawa kama uji. Akajaribu kuishinda Juni yake mwenyewe: akazisogeza taa nje kwenye roshani, akaziba madirisha kwa mablanketi meusi, mwanga ukabaki unachungulia pembeni tu. Picha ikarudi. Akafurahi kama mtu aliyevumbua kitu.

Kengele ikalia. Gunvor, jirani wa mlango wa pili, na sahani ya mikate ya iliki. Kaona madirisha meusi na mwanga mkali unaovuja. Akaongea chini chini:

"Kama ni msiba, poleni sana. Kama mnaotesha ile mimea ya kuvutwa, mimi sijaona kitu."

Tukamkaribisha ndani ajionee. Akapewa usukani — tunao mmoja, unafungwa mezani — akaendesha mzunguko mzima kinyumenyume, akidhani ndiyo mchezo wenyewe. Akasema gari zuri, linatulia. Kabla ya kuondoka akaomba kutumia choo. Ikabidi tuzime kila kitu tumshushie projekta, yeye kasimama pembeni ameshika mkoba wake kama anasubiri kupita mpakani.

Jumapili, 12 Novemba

Leo lazima niandike vizuri.

Torkel alimleta Mama kwa chakula cha mchana. Alikula kidogo, akajibu kidogo. Baada ya kahawa Torkel akajitupa kwenye mbio zake, Mama kakaa kwenye kochi, uso kaugeuzia dirishani. Nilidhani anasinzia.

Akasema, "Hiyo kona ya kushoto unaikata mapema, mkwe."

Torkel akasimamisha mchezo. Mimi nikaacha vyombo. Kwenye televisheni Mama haoni hata uso wa msoma habari! Nikamuuliza, Mama, unaona barabara? Akasema ukiutazama ukuta moja kwa moja kuna shimo la kijivu. Lakini picha ni kubwa mno, inamzunguka. Akikaza macho kwenye ile taa ya dirishani, barabara inaingia kwa pembeni, na pembeni bado anaona vizuri.

Tukampa usukani. Safari ya kwanza aliishia mitini. Ya pili, mitini tena, akatukana tusi ambalo sikujua analijua. Halafu mabega yakashuka, mikono ikaanza kufanya kazi bila kumuuliza. Barabara ilikuwa ya theluji. Alikuwa analiacha gari liteleze kwanza ndipo analirudisha, kidogo, bila haraka. Torkel akaingia kwenye mbio kushindana naye, kwa kidhibiti cha mkononi. Akaachwa nyuma hadi tukaacha kumwona.

"Unaendesha kama umebeba mayai," Mama akamwambia.

"Mayai ya nani, mama mkwe?"

"Ya mtu unayemwogopa."

Kacheka. Mama kacheka! Mbio ziliisha lakini hakuuachia usukani, aliendelea kuushika tu. Nikasema naenda kuchemsha kahawa nyingine. Nilikaa jikoni muda mrefu kuliko kahawa inavyohitaji.

Jumanne, 14 Novemba

Mama kaja mwenyewe, kwa basi, bila kualikwa. Kavaa glavu zake za zamani za kuendeshea.

Torkel akarudia lile jaribio langu, kimyakimya. Katikati ya mbio akashusha picha hadi sitini. Mama papo hapo:

"Umeniharibia nini? Barabara inatetemeka."

Akairudisha. "Sasa sawa." Akaishusha tena. "Torkel, nitakupiga." Kila aliposhusha alinaswa. Mimi mwenye macho mazima sikuona kitu, Mama asiyeona katikati anaona yote! Anasema ukitumia pembeni ya jicho, mtikisiko ndio kitu cha kwanza unachokiona.

Kwa hiyo jibu tunalo. Projekta inafaa kwa gemu. Haichelewi, haitetemeki.

Bahati mbaya Torkel naye amelielewa jibu hilo. Jioni kacheza na Kabichi, kapigwa, na safari hii hakuwa na cha kusingizia. Alikaa pale gizani. Kisha akaanza: inavuma sana, Juni inakuja, choo hakifikiki, taa yake ikiungua tutalia. Bora irudi dukani. Sikumwambia ninachojua, kwamba hajamshinda mama mkwe hata mara moja.

Alhamisi, 16 Novemba



Mama alinipigia simu kazini. Mwenyewe! Sauti nyepesi, kama ya zamani. Akasema leo ametoka na kuliondoa gari theluji yote. Nikauliza kwa nini. Akasema betri ilikuwa nzima, ameliwasha gari, limeitika mara moja.

"Mama, hutaenda popote."

"Dukani tu. Barabara naijua."

"Mama, huoni."

"Ukutani naona."

Nikamwambia ukutani ukigonga mti tunacheka. Akakata simu.

Jioni nilimweleza Torkel. Nilitegemea aseme si nilikwambia. Hakusema. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda na soksi moja mguuni, akasema sisi ndio tuliompa barabara, na hatukumwambia ya kwetu ni ipi na ya kweli ni ipi. Kwamba kama mashine inamrudisha kwenye usukani wa kweli, lazima iondoke, hata kama Mama atatuchukia. Nikasema ikiondoka atarudi kule alikokuwa, kimya, simu haipokelewi. Nikasema mengine ambayo sitayaandika. Yeye naye kasema.

Tumelala migongo imetazamana. Sijui nani kati yetu ana makosa. Huenda hakuna, na hiyo ndiyo inayoniuma.

Ijumaa, 17 Novemba

Mama hapokei. Nilimpigia jirani yake kule Vännäs. Kasema gari lipo, milango iko wazi, Mama yumo ndani na kijana makanika anayemtengenezea gari siku zote, wameinama wanafanya kitu. Nini? Hakujua. Kasema Mama alikuwa anatoa amri.

Wanatengeneza gari. Nini kingine?

Nimemwambia Torkel pakia.

Jumamosi, 18 Novemba

Projekta imo kwenye boksi. Torkel kaifunga kwa utepe wa gundi vizuri kuliko zawadi zote alizowahi kunipa. Choo kinafikika. Hakuna aliyekifurahia. Duka linafungwa alasiri.

Nimepanga tukitoka dukani twende moja kwa moja Vännäs, nikamwombe Mama funguo. Nimekuwa nikifanya mazoezi ya kusema tangu asubuhi, mbele ya kioo. Kila mara inatoka kama namkaripia mtoto.

Baadaye. Naandika haraka, nimesimama. Nimerudi ndani kutafuta bisibisi.

Tulikuwa tunatoka. Torkel na boksi kifuani, mimi na koti. Lifti ikafunguka. Mama yumo, kofia imekwenda upande, glavu mkononi, na mbele yake kiti. Kiti cha gari. Cha dereva, cha bluu, na mkanda wake unaning'inia. Kakileta kwa basi. Kasema dereva wa basi alimsaidia kukipandisha na abiria mmoja akamsaidia kukishusha, na kwamba kwenye basi alikaa juu yake, hakuna kiti kizuri kama hicho.

Nikasema, "Mama, gari…"

"Gari halina kiti. Huwezi kuendesha gari lisilo na kiti, hata mimi siwezi. Kwa hiyo acheni kunipigia majirani." Akavuta pumzi. "Lile kochi lenu linaniumiza mgongo. Hiki kikae katikati ya sebule, mbele kidogo. Mtu aniletee bisibisi."

Kisha akaliona boksi. Anaona pembeni tu, lakini boksi ni kubwa. Hakuuliza kuna nini ndani.

Sasa kiti kimekwama kwenye mlango wa lifti. Mlango unajifunga, unakigonga, unafunguka, unajifunga tena. Gunvor katoka na sahani. Torkel hawezi kupita kwenda chini bila Mama kurudi nyuma, Mama hawezi kupita kuja ndani bila Torkel kurudi nyuma. Hakuna anayesogea. Mama anasema ana miaka sabini na saba, hajawahi kurudi nyuma kwa ajili ya mwanamume mwenye boksi. Torkel amenigeukia, jasho linamtoka, ananiuliza mimi ndiye mwamuzi au siye.

Bisibisi nimeipata.