Anwani Yetu Ilikuwa Kwako

Mama,

Nimeanza barua hii mara nne tangu asubuhi. Naandika mstari mmoja, nainuka, nashuka ngazi zote kwenda kuangalia kama gari letu bado lipo pale nilipoliegesha, napanda tena. Gari lipo. Nani ataiba nyumba nzima yenye vitanda na masufuria ndani? Lakini nashuka. Tangu tukuzike nahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Déo, mkweo, ananitazama tu, anaendelea kufunga sahani zako kwenye magazeti.

Ni wiki sita sasa. Mwenye nyumba ni mtu mwema. Amesema tukitaka tukae humu mahali pako, tusipotaka tumrudishie funguo mwisho wa mwezi. Na ofisi ya komini, serikali ya mtaa, nayo imeandika. Unakumbuka, tulipouza vitu vyetu tukaingia barabarani na watoto, wewe ndiye uliyekubali majina yetu yaandikwe kwako hapa Saint-Gilles, maana mtu anayeishi ndani ya gari naye lazima awe na mahali barua zake zinapofikia. Sasa umekwenda, na komini inauliza, kwa adabu sana, tunakaa wapi. Natakiwa kujibu kabla ya Ijumaa. Déo amesema nitakaloamua ndilo hilo, na mimi sijui kama ameniheshimu au amenitupia mzigo.

Mwaka mmoja na miezi miwili ulitusomea barua zetu kwa simu. Tukiwa Uhispania, tukiwa Ureno, sauti yako inaingia: "Bon, Furaha, kuko barua ya assurance, ile bima ya gari. Nimeifungula. Banasema munapashwa kutuma karatasi. Alafu umwambie Déo aache kuendesha na kandambili." Hukuwahi kusoma barua bila kuongeza ya kwako. Neema na mdogo wake Elie waligombania simu. Elie, ambaye kumkalisha kwenye meza yetu ya kukunja asome ni vita, aliweza kukuiga mpaka kikohozi.

Lakini ndani ya gari hukuingia hata siku moja. Krismasi tuliegesha hapa chini, nikapika sombe, kisamvu ulichokipenda, humo humo ili ushuke ule nasi. Ukasema magoti yanauma. Magoti hayo hayo kila Jumapili baada ya ibada yalikwenda sokoni Midi yakarudi na mihogo. Nikapandisha sufuria mpaka juu, ukala, ukaomba uongezewe.

Nilijua unaona aibu. Ukubwa wake nimekuja kuujua kwenye matanga. Nyumba ilijaa watu, na Maman Odette wa kikundi chako cha maombi ya simu akanishika mkono mbele ya picha yako. "Pole, mwanangu. Na jardin yenu ya Namur, iko aje?" Nikamtazama. Kumbe ulikuwa umewaambia wote kwamba tunakaa mji wa Namur, kwenye nyumba yenye bustani! Nikajibu bustani haijambo, tumepanda maharagwe. Mama, nilisema uongo kwenye matanga yako ili nisikuaibishe, na sikusita hata kidogo. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Uongo huo haukumaliza siku. Wageni waliotoka mji wa Liège, Maman Odette mmoja wao, hawakuwa na pa kulala. Elie, bila kuulizwa na mtu, akatangaza sebuleni kwamba nyumba yetu ina vitanda na iko hapo nje tu. Akamshika mama wa watu mkono akamshusha ngazi. Nilifuata nyuma nikitamani ardhi ipasuke inimeze. Maman Odette aliyatazama magurudumu, akapanda, akaketi, akafungua kabati la vikombe, akalifunga taratibu. "Ah bon," akasema, "kumbe Namur yenu iko na ma-pneu." Kisha akavua viatu akaomba blanketi.

Asubuhi tukinywa chai akaniambia kwamba kila Ijumaa uliomba kikundi kiwaombee watu walio njiani. Hukutaja majina. Labda tulikuwa sisi. Labda walikuwa wakimbizi wa kule kwetu. Sijui, na nimekasirika, Mama, nakwambia wazi. Kama tulikuwa sisi, kwa nini niyasikie kwa Odette? Mimi ulinipa magoti yanayouma.

Kaka yangu, Yaya Pascal, anataka nichukue nyumba hii, mambo yaishe. "Maman aliteseka juu mupate fasi ya kulala," ameniambia, "na we unarudisha batoto mu barabara." Wewe mwenyewe ulikuwa umeniuliza jambo hilo hilo, tena kwa ukali zaidi, mara ya mwisho tulipoagana pale mlangoni: "Shiye tulilalaka mu camion ya mizigo, juu walitufukuza. Sasa we, nani anakufukuza?" Déo alikuwa ameshawasha injini. Nikacheka, nikakubusu, nikashuka. Tulikuwa tunatia mafuta karibu na Bordeaux Pascal alipopiga simu kusema umeanguka jikoni na hukuamka.

Kwa hiyo sikukujibu. Wiki sita nimejaribu kutulia humu, nimelala kitandani kwako, nimepika jikoni kwako, na swali lako linanifuata chumba kwa chumba. Nilikuwa na miaka mitano tulipotoka Bukavu. Nakumbuka turubai juu ya lori, na mkono wako ukinikandamiza kichwa nisichungulie. Uliniokoa hivyo. Wanangu wanakaa dirishani. Elie akiona farasi anapiga kelele, tunasimama, tunamtazama farasi mpaka achoke yeye. Neema ndiye anayeshika ramani.

Hakuna anayenifukuza, Mama. Kwetu mimi ndiye wa kwanza kuondoka mahali nikiwa nimeaga majirani na kufunga mlango kwa mkono wangu. Nilitaka ulione hilo, ulifurahie kidogo tu. Hukuliona. Baraka yako siipati tena, na siwezi kukaa humu nikiisubiri.

Kesho narudisha funguo. Pascal amenung'unika wee, mwisho akakubali majina yetu yahamie kwake Saint-Josse. Barua atazisoma, lakini yeye hajui kuongeza neno.

Lala, Mama yangu. Nakuahidi jambo moja ambalo najua hutalipenda: Namur sitaisema tena. Popote tutakaposimama, mtu akiniuliza nakaa wapi nitamwonyesha gari. Akiuliza mimi ni binti wa nani, nitamtajia jina lako lote, nikiwa nimesimama wima.

Mwanao,
Furaha