Fimbo ya Kuokotea

Ifakara

Mjomba Leodegar, shikamoo.

Mvua imeanza, na mpunga wetu wa shamba la Mchombe umeota vizuri. Naona aibu kukuandikia hivi, lakini nina hasira.

Tangu avunjike nyonga, Bibi hawezi kuinama. Nilipokuomba ile fimbo yenye mdomo wa kuokotea vitu sakafuni, ulicheka kwenye simu: "Ya nini, na wewe umemaliza shule? Si una mikono?"

Mjomba, nimepata nafasi chuo cha ualimu. Mikono yangu naenda nayo.

Nimeuza kuku wangu, nikaichagua fimbo mwenyewe. Ya chuma ilikuwa nzito. Nyingine ilitaka kubanwa kwa nguvu, na vidole vya Bibi vimekakamaa. Nikachukua nyepesi, yenye mpira mdomoni.

Jana rozari yake ilianguka. Nikakunja mikono, nikasubiri. Ilimponyoka, ikamponyoka tena, mwisho akainyanyua kwa fimbo.

"Bado umesimama tu hapo?" akasema. "Kafungashe!"

Naondoka Jumatatu. Fimbo haichoti maji wala haipiki, Mjomba. Hayo ni ya mtoto wake pekee aliyebaki hai, na ni wewe.

Mpwa wako,
Violeth